Nani humwajibisha mtunga viwango vya wavuti?

MKAZI wa Kanyakine, katika eneo la Imenti Kusini, kaunti ya Meru, anapoandika neno Kĩmĩĩrũ kwenye simu yake, hutegemea uamuzi uliopitishwa na watu ambao hakuwachagua, na ambao hata Bunge la Kenya haliwezi kuwaita wajieleze. Kimeru kina irabu saba, ilhali herufi za Kilatini za irabu ni tano. Mbili zilizosalia huandikwa kwa kutia alama ya wimbi juu ya i na u. Kompyuta isipozitambua, msomaji huona kisanduku kitupu au alama ya kuuliza mahali penye herufi.

Leo tatizo hilo limepungua sana, lakini si kwa sababu Wameru waliulizwa. Herufi hizo mbili zilikuwemo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8859-4 cha mwaka 1988, kilichotungwa kwa ajili ya lugha za kaskazini mwa Ulaya, za eneo la Baltiki na ya Greenland. Kutoka huko ziliingia katika jedwali kuu la herufi linalotunzwa na Unicode, muungano uliosajiliwa California, Marekani, mwaka 1991. Kimeru kilinufaika kwa jambo lililofanyiwa wengine. Lugha ambayo herufi zake hazikuwa na bahati hiyo ililazimika kupiga hodi.

Unicode ni mojawapo ya makundi kadhaa yanayotunga viwango, yaani kanuni ambazo watengenezaji wa vivinjari, simu na tovuti hukubaliana kuzifuata ili ukurasa ulioandikwa Meru usomeke Mombasa au Muscat. Makundi haya si idara za serikali wala si mashirika ya Umoja wa Mataifa. Ni miungano ya hiari ambayo wanachama wake wengi ni kampuni, vyuo na mashirika. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kutii kanuni zao. Hata hivyo, kampuni kubwa zikishazitia katika bidhaa zake, asiyezitii hujikuta nje ya soko. Mamlaka ya namna hiyo, isiyo na askari wala hakimu, ndiyo iliyozua swali la uwazi na uwajibikaji.

Maneno hayo mawili hutamkwa pamoja mara nyingi hata yakadhaniwa kuwa kitu kimoja. Uwazi ni kuruhusiwa kuona: kumbukumbu za vikao, rasimu, pingamizi na sababu za uamuzi. Uwajibikaji ni uwezo wa kumtaka aliyeamua atoe maelezo, na kumwondoa au kubatilisha uamuzi wake asiporidhisha. Mkulima wa kahawa katika nyanda za Meru anaijua tofauti hiyo vizuri kuliko wataalamu wengi. Hesabu za chama cha ushirika zikibandikwa ukutani, huo ni uwazi. Akisimama katika mkutano mkuu wa mwaka, akauliza fedha zimekwenda wapi, kisha akapiga kura sawa na ya mwenye mikahawa mingi kumshinda, huo ni uwajibikaji. Katika makundi ya viwango vya wavuti, jambo la kwanza limepiga hatua kubwa. La pili limebaki nyuma.

Mfano ulio karibu zaidi na Meru na Embu ni hazina ya takwimu za lugha ijulikanayo kama CLDR, ambayo Unicode imeisimamia tangu mwaka 2004. Humo huhifadhiwa majina ya siku, miezi, nchi na sarafu katika kila lugha, pamoja na namna ya kuandika tarehe na nambari. Simu inapoandika "Jumatatu" badala ya jina la Kiingereza, huwa imelichota humo. Kimeru na Kiembu vimo katika hazina hiyo, ingawa takwimu zake bado ni chache zikilinganishwa na za Kiswahili.

Namna ya kuamua katika CLDR imeandikwa wazi na yeyote anaweza kuisoma. Mjuzi wa lugha huomba akaunti, hupendekeza neno, na wengine hupiga kura. Lakini kura hazilingani. Ya mgeni asiye na shirika huhesabiwa kuwa moja. Ya mtaalamu aliyeteuliwa na shirika linalotambuliwa huhesabiwa kuwa nne au zaidi. Sababu inayotolewa ni kuzuia uharibifu wa makusudi, na si sababu ya kudharauliwa. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mwalimu wa Kanyakine aliyezaliwa na kukulia katika lugha hiyo anaweza kushindwa kwa kura na mwakilishi mmoja wa kampuni. Kila kitu kiko hadharani, na bado mwenye lugha si mwenye neno la mwisho.

Kundi lenye jina kubwa zaidi ni W3C, lililoanzishwa mwaka 1994 na Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti. Wanachama wake hulipa ada ya kila mwaka, ambayo hupunguzwa kwa mashirika ya nchi za kipato cha chini. Rasimu zake nyingi huchapishwa kwa umma. Kwa miaka mingi, hata hivyo, pingamizi rasmi ziliishia mezani kwa mtu mmoja, yaani Mkurugenzi, ambaye alikuwa Berners-Lee mwenyewe.

Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika mwaka 2017. Suala lilikuwa kanuni ya kuviwezesha vivinjari kuonyesha filamu zilizofungwa kwa ufunguo wa mwenye hakimiliki. Wapinzani hawakudai tu kwamba kanuni hiyo inazinufaisha kampuni za filamu. Walitaka pia kiwekwe kiapo cha kisheria kwamba watafiti wa usalama, pamoja na watu wanaorekebisha programu ili zitumiwe na vipofu, hawatashtakiwa kwa kufungua kufuli hizo. Ombi hilo halikukubaliwa, na mwezi Julai Mkurugenzi akaidhinisha kanuni. EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watumiaji wa mitandao, lilikata rufaa, likapata uungwaji mkono wa asilimia 5 ya wanachama uliohitajika, na kura ikapigwa. Wanachama 108 waliunga mkono kanuni, 57 waliipinga na 20 hawakuegemea upande wowote. Jumla ya kura ilitangazwa. Orodha ya nani alipiga kura gani haikutolewa kwa umma. Septemba 18, 2017, EFF ilijitoa katika muungano huo.

Kwa mpiga kura wa Kenya, kura ya siri ni ngao ya mnyonge. Katika chombo ambacho wapiga kura ni kampuni zenye nguvu kuliko serikali nyingi, siri hiyo hiyo humkinga mwenye nguvu dhidi ya wateja wake. Ni hoja ambayo wasimamizi wa muungano huo hawajaijibu kwa namna ya kuridhisha.

Mabadiliko yalifuata, ingawa polepole. Januari 1, 2023, W3C ikawa shirika lisilo la faida lenye bodi yake, badala ya mradi ulioendeshwa kupitia vyuo na taasisi za Marekani, Ufaransa, Japani na China. Mwaka huo huo utaratibu wake ulirekebishwa, na uamuzi kuhusu pingamizi rasmi ukatoka mikononi mwa Mkurugenzi ukakabidhiwa baraza.

Wakati huo lakini, kazi kubwa ilikuwa imekwisha kuhama. Kundi la WHATWG, lililoanzishwa mwaka 2004 na watu wa Apple, Mozilla na Opera, ndilo linalotunza kiwango cha HTML, lugha ya kuandikia kurasa. Mwaka 2019 W3C ilikubali rasmi hali hiyo. Yeyote anaweza kuchangia maoni katika WHATWG bila ada, na mijadala yake inasomeka na kila mtu. Kamati yake ya uongozi, hata hivyo, ni ya kampuni nne: Apple, Google, Microsoft na Mozilla. IETF, linalotunga kanuni za msingi za intaneti tangu mwaka 1986, halina hata uanachama. Huamua kwa maafikiano badala ya kura. Kwa mtazamo huo ndilo lililo wazi kuliko yote, ijapokuwa uwazi wake humfaa zaidi mwenye mwajiri wa kumlipia muda wa kushiriki miaka nenda miaka rudi.

Afrika nayo ina somo lake, na ni chungu. AFRINIC, chombo kinachogawa nambari za anwani za intaneti barani kutoka Mauritius, kilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Kisheria kilikuwa na kila kitu ambacho mtetezi wa uwazi angetaka: wanachama, uchaguzi wa bodi, mikutano na sera zilizochapishwa. Mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba mamilioni ya anwani yalikuwa yamechepushwa kwa kuvuruga kumbukumbu kutoka ndani. Mwaka 2021 AFRINIC iliingia katika kesi na kampuni ya Cloud Innovation iliyosajiliwa Ushelisheli, ambayo ilikuwa imepewa zaidi ya anwani milioni 6, na akaunti za benki za chombo hicho zikazuiwa kwa muda. Bodi ikakosa akidi. Septemba 2023 mahakama ikateua msimamizi. Uchaguzi wa Juni 2025 ulibatilishwa kwa shaka juu ya hati za uwakilishi, yaani barua za kumruhusu mtu apige kura kwa niaba ya mwanachama. Bodi mpya ilipatikana Septemba 2025.

Kenya yenyewe iliwahi kuligusa swali hili mapema. Anwani zinazoishia na .ke zilisimamiwa tangu mwaka 1993 na watu wawili, Shem Ochuodho akiwa msimamizi na Randy Bush wa Marekani akiwa fundi, hadi usimamizi ulipohamishiwa KENIC mwishoni mwa mwaka 2002. Shirika hilo lisilo la faida liliwaleta pamoja mdhibiti wa mawasiliano, watoa huduma za intaneti na wadau wengine. Shule ya Meru inayotaka anwani ya .sc.ke sasa ina ofisi Nairobi ya kulalamikia.

Kwa Unicode au W3C hakuna ofisi ya namna hiyo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 haviwafikii. Kifungu cha 7, hata hivyo, kinaitaka serikali ikuze lugha za kiasili, na kanuni za CLDR zinaruhusu taasisi za kielimu na za umma kuomba kutambuliwa ili wataalamu wake wapate kura nzito. Chuo kikuu kilichoko Meru au Embu kikifanya hivyo, mwalimu wa Kanyakine hatahesabiwa tena kuwa mgeni katika lugha yake.