Singida 1947: Wayo wa Simba, Kisu cha Mtu

Mwaka 2011 kampuni ya Rockstar Games ilitoa mchezo wa video uitwao L.A. Noire, uliotengenezwa na Team Bondi ya Sydney, Australia. Mchezaji anakuwa Cole Phelps, askari wa Los Angeles anayepanda cheo hadi upelelezi. Jiji zima liko wazi kwake: aendeshe gari anakotaka, akague maiti, kisha amkazie macho shahidi na kuamua kama anasema kweli au anaficha jambo. Kisa kinaanza mwaka 1947.

Mwaka huohuo, Singida, Jimbo la Kati la Tanganyika, askari walikuwa wakikagua maiti za kweli.

Katika vijiji vya Wanyaturu watu waliuawa, miili ikakutwa imeraruliwa. Aliyelaumiwa ni simba, na simba kweli walikuwepo porini. Lakini hofu ya simba-watu ilikuwa imeshapita Singida miaka ya 1920, na sasa ikarudi na minong'ono yake: kwamba wapo wanaovaa ngozi ya simba na kuua, na wapo wanaowafuga watu hao ndani na kuwakodisha kwa mwenye kisasi.

Mpelelezi aanzie wapi? Chini, kwenye vumbi. Simba akitembea hukunja makucha yake. Wayo wake ni kitanga na vidole vinne, bila alama ya kucha. Akiua hung'ata koo au kisogo. Ngozi iliyochanika kwa mstari mnyoofu inaonyesha kisu. Haya yote yalitaka kuonwa mapema, kabla fisi hawajapita na kabla upepo wa Singida haujafagia nyayo.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kinywa cha shahidi. Kwenye mchezo, shahidi akidanganya uso wake humsaliti. Kijijini, aliyenyamaza huenda hakuwa na la kuficha ila uhai wake, maana askari wakiondoka yeye anabaki na jirani anayemwogopa. Ukimya wa namna hiyo hausomeki usoni. Hata hivyo kesi zilifika mahakamani, na wapo waliohukumiwa kunyongwa.

Mwaka 1950 A. W. Wyatt aliandika habari hizi katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1962, katika jarida hilohilo, mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu, alizipima upya. Maandishi yote mawili ni ya Kiingereza, ya wageni. Waliozika wapendwa wao, na walioshtakiwa, hawasikiki humo kwa Kinyaturu chao, na hilo linauma.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa anakaribia 90. Wazee wa umri huo bado wapo, Ikungi na pembezoni mwa ziwa Singidani. Anayetaka kusikia akaketi nao mwaka huu, na kinasa sauti mkononi.