Lugha ya Mdai: Mashauri Madogo katika Mahakama za Mwanzo za Singida

Nchini Marekani ugomvi mdogo wa majirani uligeuzwa kuwa kipindi cha televisheni mwaka 1981, The People's Court ilipoanza. Wadaawa walikubali kuliondoa shauri lao katika mahakama ya madai madogo na kulipeleka studioni, likaamuliwe kwa usuluhishi mbele ya watazamaji. Singida haikuhitaji kamera ili kupata hadhira. Deni la gunia la mtama, mifugo iliyoingia shambani, mahari inayodaiwa baada ya ndoa kuvunjika: hayo husikilizwa hadharani katika Mahakama ya Mwanzo. Linalomhusu mwanaisimu ni lugha yanayosemewa.

Kinyaturu, Kinyiramba na Kinyisanzu ni lugha za Kibantu. Wabarbaig husema lugha ya Kiniloti, na upande wa Mkalama wapo Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana. Mnyaturu anayemdai Mbarbaig ng'ombe hana budi kutafuta lugha ya tatu. Lugha hiyo ilikuwapo mahakamani kabla ya Uhuru, kwani mahakama za wenyeji, zilizoendeshwa chini ya sheria ya mwaka 1929, ziliandika kumbukumbu zake kwa Kiswahili. Mahakama za Mwanzo zilipochukua nafasi yake kwa sheria ya mwaka 1963, watemi waliondoka lakini karani hakubadili lugha. Sheria ya mwaka 1984 ilitamka wazi kuwa Mahakama ya Mwanzo itatumia Kiswahili, na ikawapa wazee wa baraza kura pamoja na hakimu. Mawakili hawakuruhusiwa humo hadi mwaka 2021. Mdai, basi, alijieleza mwenyewe, kwa Kiswahili chake, hata kama kilikuwa cha kuokoteza.

Tatizo lilianza pale aliposhindwa na kukata rufaa. Rufaa kutoka Singida ikivuka Mahakama ya Wilaya ilikwenda Mahakama Kuu, Dodoma, ambako hukumu iliandikwa kwa Kiingereza. Maneno aliyoyatamka mdai yalirejea kwake katika karatasi asiyoweza kuisoma, na pengine alilipa mtu amweleze kama ameshinda. Hasara haikuwa ya mdai peke yake. Neno "shauri" hubeba mambo mawili, mgogoro ulio mbele ya baraza na nasaha inayotafutwa ili kuumaliza. Kiingereza huyatenganisha, na hukumu iliyoandikwa kwa lugha hiyo hubaki na mgogoro tu. TUKI ilipochapisha Kamusi ya Sheria mwaka 1999, msamiati wa "mrufani" na "mrufaniwa" ulikuwa tayari. Kilichokosekana hakikuwa istilahi.

Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapokihitaji. Kumbukumbu za rufaa za miaka iliyotangulia zimebaki kwa Kiingereza.