Kiko cha Mti: Historia ya Chombo na Majina Yake, kutoka Pwani hadi Eldoret

Utangulizi

Mtu atajapo kiko hii leo mjini Eldoret, asikiaye hufikiri chombo kikavu cha mti: kichwa kilichotobolewa pa kutilia tumbaku, na mrija mmoja wa kuvutia moshi. Hapana maji ndani yake. Lakini waliolitumia neno hilo katika pwani ya karne ya 19 walikuwa wakitaja chombo ambacho bila ya maji hakikukamilika. Jina limebaki, kitu kimebadilika. Katika mabadiliko hayo yamesahauliwa maneno kadhaa ya ufundi ambayo lugha ilikuwa nayo tayari, na ambayo mchongaji wa leo angeyahitaji. Makala hii inafuata safari ya jina hilo kutoka pwani hadi nyanda za Uasin Gishu, inaeleza jinsi kiko cha mti kinavyochongwa nyumbani, kisha inauliza ni yapi kati ya majina ya zamani yanayofaa kurudishiwa kazi.

Kiko cha maji

Tumbaku si mmea wa asili wa Afrika. Ilitoka Amerika, ikaenea duniani kwa vyombo vya wasafiri wa baharini baada ya mwisho wa karne ya 15. Katika pwani ya Waswahili uvutaji wake ulipata chombo chenye sehemu nne. Juu palikuwa na bori, yaani kibakuli cha kutilia tumbaku na moto. Kutoka katika bori ulishuka mrija ulioitwa digali, ukaingia katika chombo chenye maji kiasi, ambacho aghalabu kilikuwa kifuu cha nazi au kibuyu kidogo. Chombo hicho cha maji ndicho hasa kilichokuwa kiko. Kutoka humo ulitokeza mrija wa pili, shilamu, uliofika mdomoni mwa mvutaji. Moshi ulipopita majini ulitoa sauti ya kububujika, nayo sauti hiyo ilikuwa na jina lake pia: malio ya kiko.

Maneno hayo hayakubuniwa na wasomi. Yalikuwa ya watu waliotengeneza chombo, waliokiuza na waliokivuta. Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, aliyaorodhesha, na kamusi iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson ikayahifadhi. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba chombo kizima kiliitwa kwa jina la sehemu yake moja, ile iliyokitofautisha na vyombo vingine. Kibuyu cha maji kilikuwa kiko, na kwa hiyo bori, digali na shilamu vilipounganishwa nacho, vyote pamoja vikawa kiko.

Shamba la 64

Eldoret ni mji ulioanza kwa namba. Mwaka 1908 kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini, likiongozwa na Jansen van Rensburg, lilishuka Mombasa kwa meli, likapanda reli hadi Nakuru, na kutoka hapo likakwea hadi uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai. Posta ilipofunguliwa mwaka 1910 iliwekwa katika shamba lililopimwa na kupewa namba 64. Mwaka 1912 mahali hapo pakaitwa rasmi Eldoret, lakini wenyeji walikuwa wameshaigeuza ile namba ya Kiingereza kuwa jina lao wenyewe: Sisibo. Reli ilifika mwaka 1924.

Makaburu walikuja na desturi yao ya kuvuta kiko kikavu. Afrika Kusini ilikwisha kujipatia sifa kwa viko vilivyofanywa kwa shingo ya kibuyu iliyopinda, na baada ya vita vya 1899 hadi 1902 viko vya namna hiyo vilipendwa sana Uingereza. Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Mmea wa kibuyu hicho ni ule ule uliompa Mswahili kiko chake cha maji, na ndio ule ule unaowapa Wakalenjin wa Uasin Gishu sotet, kibuyu cha kuhifadhia mursik. Lakini katika kiko cha Kaburu kibuyu hakikutiwa maji. Moshi ulipoa kwa nafasi ya hewa iliyomo ndani tu. Mmea mmoja, kazi tatu mbalimbali.

Kiswahili kilichosemwa katika mashamba ya walowezi kilikuwa cha amri na utumishi, kilichorahisishwa na kukatwa viambishi vyake. Yaelekea hapo ndipo jina lilipoachana na jamaa zake. Mtumishi aliyeagizwa kuleta kiko cha bwana alihitaji kujua jina la kitu anachokileta. Hakuwa na haja ya jina la kila sehemu. Tena kiko hicho hakikutengenezwa mbele ya macho yake. Kilinunuliwa kikiwa kamili. Neno kiko likapanda bara peke yake. Bori, digali na shilamu yakabaki pwani na katika kurasa za kamusi.

Maana hiyo mpya ilithibitishwa hata na biashara. Katikati ya karne ya 20, kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilitengeneza viko vikavu kwa jiwe jeupe jepesi lililochimbwa upande wa Amboseli, ikaviuza nchi za nje kwa jina la Kiko. Mnunuzi wa Ulaya alilisoma neno la Kiswahili juu ya chombo ambacho Mswahili wa karne iliyotangulia angekiona kuwa kimepungukiwa na kitu.

Kazi ya mchongaji

Anayechonga kiko nyumbani huanza kwa kuchagua mti, na uchaguzi huo ndio nusu ya kazi. Viwanda vya Ulaya, hasa vile vya Saint-Claude nchini Ufaransa, hutumia kifundo cha shinani cha kijiti kiitwacho kitaalamu Erica arborea, kinachochemshwa kwa saa nyingi na kukaushwa kwa muda mrefu kabla ya kuguswa na patasi. Kijiti hicho si mgeni Afrika Mashariki, kwani humea pia katika milima yetu mirefu, Elgon ukiwa mmojawapo. Lakini mchongaji wa Eldoret hana lazima ya kukwea huko. Mzeituni-mwitu ni mgumu, mzito, na hauungui upesi. Mwangati, ambao Wakalenjin huuita tarakwet, hunukia vizuri katika sanduku la nguo, lakini mafuta yake huharibu ladha ya tumbaku. Msunguti hauguswi kabisa, kwa kuwa ndio mti wa sumu ya mishale.

Gogo likishakauka vya kutosha, hukatwa kipande cha pembe nne chenye urefu wa sentimita 12 hivi. Kosa la wanaoanza ni kuchonga umbo kwanza na kutoboa baadaye. Fundi hutoboa kipande kingali na pembe zake, maana hapo hushikika barabara katika jiliwa. Kwa keekee hutoboa tundu la tumbaku, lenye upana wa milimita 20 hivi, kisha tundu jembamba la moshi, la milimita 4. Tundu la pili halina budi kutokea chini kabisa ya lile la kwanza. Likitokea juu, tumbaku iliyo chini haiungui na unyevu hukusanyika hapo. Likipita chini zaidi, kiko kimeharibika na kazi huanza upya.

Matundu yakishakutana ndipo msumeno, patasi na tupa hufuata, na ukuta wa kichwa huachwa na unene wa milimita 6 au zaidi ili usichomeke. Mrija wa mdomoni waweza kufanywa kwa mwanzi. Msasa humaliza mikwaruzo, na nta ya nyuki hung'arisha. Vanishi haitiwi ndani hata kidogo. Kiko kipya hujazwa tumbaku robo au theluthi tu kwa mara za kwanza, mpaka ukoko mwembamba wa masizi ushike ndani na kuukinga mti na moto.

Majina na kazi zake

Mtu akitaka kuyaeleza hayo yote kwa Kiswahili hujikuta akiazima viungo vya mwili: kichwa, shingo, mdomo, tumbo. Njia hiyo si mbaya, nayo ni ya asili katika lugha. Chupa ina shingo na mtungi una mdomo. Tatizo ni kwamba mdomo wa kiko ukikutana katika sentensi moja na mdomo wa mvutaji, maelezo huchanganyika, na fundi hulazimika kuonyesha kwa kidole.

Maneno ya zamani yangemwondolea taabu hiyo, lakini hayafai yote kwa kiasi kimoja. Bori halina mashaka, kwa sababu tundu la tumbaku hufanya kazi ile ile katika viko vyote viwili. Shilamu nalo lafaa, kwa kuwa bado ndilo lifikalo mdomoni. Digali lina ugumu zaidi. Katika kiko cha maji lilikuwa mrija wa peke yake, ilhali katika kiko cha mti ni njia iliyotobolewa ndani ya kipande kimoja na bori. Hata hivyo kazi yake ya kuutoa moshi katika bori haikubadilika, na kwa hiyo njia hiyo yastahili kuitwa digali.

Malio ndiyo yenye funzo kubwa zaidi. Katika kiko cha maji, sauti hiyo ilikuwa dalili kwamba chombo kinafanya kazi yake. Katika kiko cha mti ni dalili ya kasoro: unyevu umekusanyika kwa sababu tundu la moshi halikukutana vema na bori. Neno lile lile laweza kutumika, lakini sifa imegeuka kuwa lawama. Mtunga kamusi asiyejua kuchonga hawezi kuligundua jambo hilo, na mchongaji asiyejua neno hawezi kumweleza mwanafunzi wake kasoro hiyo kwa ufupi.

Hasara ya kuyaacha maneno hayo ilionekana wazi mwanzoni mwa karne ya 21. Chombo cha kuvutia moshi kupitia majini kilirudi katika miji ya Kenya, chenye bakuli juu, mrija wa kushukia majini, chombo cha maji na mrija wa mdomoni. Sehemu zote nne zilikuwa zile zile. Lakini jina kiko lilikuwa limeshachukuliwa na chombo kikavu, na chombo kilichorudi kikapokewa kama mgeni kwa jina la shisha. Hata serikali ilipokipiga marufuku mwezi wa Desemba 2017, miaka kumi baada ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, ilikitaja kwa jina hilo la kigeni. Watu walikatazwa kitu ambacho lugha yao ilikuwa na jina la kila sehemu yake, wasijue kwamba babu zao walikuwa nacho.

Hitimisho

Hoja ya makala hii si kuutetea uvutaji, ambao madhara yake yanajulikana. Tumbaku yaweza kwisha kabisa na hoja ikabaki. Majina ya ufundi huishi pamoja na mikono inayotengeneza. Chombo kikianza kununuliwa kikiwa kamili, jina la kitu kizima husalia na majina ya sehemu hufa. Yaliyokipata kiko yaweza kukipata kinu, kigoda au keekee yenyewe.

Kwa hiyo kazi ya wakusanyaji wa msamiati haitimii kwa kupekua kamusi za Steere na Johnson pekee. Inafaa neno lililopatikana humo lipelekwe kwenye karakana, fundi aulizwe kama linatosha kwa kazi aifanyayo, na pale ambapo amekwisha kuwa na neno lake, kama shingo au ukoko, neno hilo liandikwe kando ya lile la zamani. Eldoret ina Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, na ina mafundi seremala. Umbali kati yao si mkubwa, na wazee wanaokumbuka majina hayo hawatakuwapo siku zote.