Uteuzi Uliofutwa: Archie Mafeje na Chuo Kikuu cha Cape Town

Leo safari yetu inatufikisha Afrika Kusini. Tunakwenda kutazama swali linalokikabili kila chuo kikuu: ni nani anayestahili kuajiriwa kufundisha, na ni nani mwenye haki ya kuamua?

Archie Mafeje alizaliwa mwaka 1936 katika jimbo ambalo leo huitwa Rasi ya Mashariki. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na mwaka 1963 yeye na mwalimu wake, Monica Wilson, walichapisha kitabu kuhusu maisha ya Waafrika katika kitongoji cha Langa. Baadaye alikwenda Cambridge kusomea udaktari wa falsafa, akafanya utafiti wake Buganda, nchini Uganda.

Mwaka 1968 Baraza la Chuo Kikuu cha Cape Town lilimteua kuwa mhadhiri mwandamizi wa anthropolojia. Sheria ya mwaka 1959 iliwazuia wanafunzi weusi kujiunga na vyuo vya Wazungu bila kibali cha waziri, lakini haikuwakataza walimu weusi. Hata hivyo, serikali ya makaburu ilikitishia chuo, na Baraza likaufuta uteuzi wake. Mwezi Agosti mamia ya wanafunzi waliandamana, wakalikalia jengo la utawala kwa siku 9. Uamuzi haukubadilika.

Tuzingatie jambo moja. Uteuzi huo haukufutwa kwa sababu Mafeje alikosa elimu au uzoefu. Sifa zake zilipimwa, zikakubaliwa, kisha zikawekwa kando kwa sababu ya rangi ya ngozi yake.

Hasara ya Cape Town ikawa faida ya Dar es Salaam. Mafeje alikuja Tanzania, akaiongoza idara ya sosholojia katika chuo chetu kikuu. Baadaye alifundisha Uholanzi na Misri, akajulikana kama mmoja wa wanazuoni wakubwa wa sayansi za jamii barani Afrika.

Ubaguzi ulipoanza kuporomoka, alitamani kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chuo kilimpa mkataba wa mwaka mmoja tu, kwa cheo kilekile cha mhadhiri mwandamizi, ilhali alikwisha kuwa profesa kwa miaka mingi. Aliona amedharauliwa, akakataa. Kisha aliomba kiti cha uprofesa kilichoitwa kwa jina la A.C. Jordan, Mwafrika aliyewahi kufundisha chuoni hapo kabla ya kwenda uhamishoni. Mafeje hakuitwa hata kwenye usaili. Safari hii hakukuwa na waziri wa kulaumiwa. Mlango ulifungwa na chuo chenyewe.

Mafeje alifariki mwaka 2007. Mwaka 2008 chuo kiliiomba familia yake radhi, kikamtunuku shahada ya heshima. Radhi ilipokelewa, lakini mwenyewe alikuwa kaburini. Majuto ni mjukuu.

Historia hii inatufundisha kwamba haki katika ajira huweza kuvunjwa kwa njia mbili: kwa amri ya wenye mamlaka, na kwa ukimya wa kamati. Sheria mbaya ikifutwa, njia ya pili hubaki. Ndiyo maana sifa zinazotakiwa hazina budi kutangazwa kabla ya maombi kufunguliwa; waombaji wote wapimwe kwa kipimo kimoja; sababu za kumkataa mtu ziandikwe; na aliyekataliwa awe na mahali pa kukata rufaa. Taratibu hizi si urasimu mtupu. Ni kinga ya mwombaji asiye na mtu wa kumsemea.

Maswali ya kutafakari:
1. Je, Baraza lililotii vitisho lina lawama sawa na serikali iliyotisha?
2. Kuomba radhi baada ya miaka 40 kunarekebisha nini, na kunashindwa kurekebisha nini?