Dari za Boriti za Mji Mkongwe

Vyumba vya nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Unguja ni virefu lakini vyembamba, na upana wake uliamuliwa na mikoko. Boriti ya mkoko ikivuka nafasi kubwa kupita kiasi hupinda, basi mafundi waliacha takriban mita 2.5 hadi 3 kati ya ukuta na ukuta. Nyumba za mawe za Lamu zina kipimo hichohicho. Boriti zilikatwa Rufiji na katika mikoko ya Lamu, zikahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kutengwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yalizipeleka hadi Oman na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni haba, na vyumba vya huko navyo vikawa vyembamba.

Dari ilijengwa kwa subira. Boriti zilipangwa karibu karibu, ncha zake zikizamishwa ndani ya kuta nene za mawe ya matumbawe. Juu yake yakalazwa mawe bapa, kisha zege la chokaa na kokoto, likapigwa kwa virungu siku nyingi huku likinyunyiziwa maji hadi likashikana. Sakafu hiyo ni nzito sana, lakini boriti kavu huibeba kwa vizazi.

Shida huanza zikilowa.

Fundi akiitwa kutazama dari iliyobonyea, haanzi na katikati ya chumba, ambako mbonyeo unaonekana. Hufukua ukutani, pale ncha ya boriti ilipojificha. Mara nyingi boriti ni ngumu kwa urefu wake wote, ila sentimita chache zilizomo ukutani zimeoza au zimeliwa na mchwa, na kidole kinazama.

Maji yanayolowesha boriti yana historia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na jumba lililokuwa la familia moja likagawanywa kwa familia kadhaa. Vyoo na mabomba vikaongezwa ghorofani, kwenye dari ambazo hazikujengwa kwa ajili hiyo, huku mapaa yakivuja bila wa kuyashughulikia. Ilipokuja saruji, wengi waliziba nayo nyufa za kuta. Chokaa huacha ukuta upumue. Saruji hufungia unyevu ndani, nao huishia kwenye ncha za boriti. Wengine walisawazisha bonde la sakafu kwa kumwaga zege jipya juu ya lile la zamani, wakaiongezea mzigo boriti iliyokwisha kuchoka.

Mafundi wanaoijua kazi hufuata utaratibu wa kinyume. Kwanza huziba uvujaji. Dari huegemezwa kwa miti kutoka chini, sakafu ikabanduliwa ili kuipunguzia uzito, kisha boriti mbovu zikabadilishwa moja moja, mashimo ya ukutani yakajazwa mawe na chokaa.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na UNESCO ikauingiza mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Kwa nyumba za kawaida, boriti nene na zilizonyooka zimekuwa adimu kwa sababu mikoko imekatwa mno. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Hivyo mwenye nyumba anayerekebisha paa kabla ya masika huokoa pia boriti ambazo itakuwa vigumu kupata nyingine za kuziba nafasi yake.