Papa Pio wa Tano: mchungaji wa kondoo aliyenyoosha Kanisa

Misa ya Kilatini ambayo wazee waliikuta, padri anageukia altare na kuwapa waamini mgongo, hata leo wengine wanaiita misa ya Pio wa Tano. Huyo Pio ni nani?

Alizaliwa mwaka 1504 kule Bosco, kaskazini mwa Italia. Jina lake Antonio Ghislieri. Wazazi walikuwa maskini, yeye alichunga kondoo mpaka Wadominikani wakamchukua. Akapanda mpaka kuwa mkubwa wa Inkwizisyo, mahakama ya kutafuta wazushi, na Januari 1566 akachaguliwa Papa.

Mtaguso wa Trento ulikuwa umefungwa mwaka 1563, lakini maazimio mengi yalikuwa bado ku karatasi tu. Yeye njo aliyasukuma. Maaskofu waliozoea kula mapato ya diosezi bila kukanyaga huko, aliwaambia warudi kwa watu wao. Akatoa Katekisimu (1566), kitabu cha sala za mapadri (1568), na Misale (1570). Mbele ya hapo kila eneo lilisali misa na desturi zake. Sasa Misale ikawa moja, isipokuwa pale ambapo desturi ilipita miaka 200, mfano Milano.

Lakini mkono wake ulikuwa mzito. Mwaka 1569 alifukuza Wayahudi katika nchi za Papa, akawaacha Roma na Ancona tu. Mwaka uliofuata alimtenga Malkia Elizabeth wa Kwanza na kuambia raia wasimtii. Malkia hakuanguka. Walioumia ni Wakatoliki wa Uingereza, sababu tangu hapo walionekana wasaliti.

Oktoba 7, 1571, meli za muungano aliousimamia zilishinda za Waturuki kule Lepanto. Alisema ni nguvu ya rozari, ile shapule ya kila nyumba, na sikukuu ya Oktoba 7 imebakia.

Alikufa Mei 1, 1572, akatangazwa mtakatifu mwaka 1712. Kaburi lake liko Santa Maria Maggiore, kanisa alimozikwa pia Papa Fransisko mwaka 2025.

Misale yake ilidumu karibu miaka 400, mpaka baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Na Aprili 30, 1988, Roma ikakubali Misale ya majimbo ya Zaire, yenye kuwaita mababu na kucheza kuzunguka altare. Katika kalenda ya Kanisa, Aprili 30 ni sikukuu ya Pio wa Tano.