Kuhesabiwa Ituri: kutoka kodi ya kichwa hadi jetoni ya chakula

Fataki – Katika kambi za wahami wa vita za Djugu, siku ya kuandikishwa ina uzito kuliko siku ya kugawa. Gunia linapofika, hesabu imekwisha kufanyika. Jina ambalo haliko kwenye listi halina sahani. Lakini watu wa Ituri hawakuanza jana kuandikwa majina. Walianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na wakati ule kitabu cha karani kilikuja kuchukua, si kutoa.

Mwaka 1910, Wabelgiji walipanga kodi ya kichwa katika Kongo. Kila mwanaume mzima alipaswa kuilipa. Mwenye wake wengi aliongezewa kodi kwa wake wa ziada. Punguzo pia lilikuwepo: baba mwenye mke mmoja na watoto wengi alisamehewa. Ndiyo sababu Bula Matari alitaka kujua kila nyumba ina wanaume wangapi, wake wangapi na watoto wangapi. Mwaka 1917 yaliongezwa mashamba ya lazima, hadi siku 60 kwa mwaka. Huku kwetu, migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto ilihitaji wafanyakazi na chakula cha kuwalisha, na machifu walidaiwa vyote viwili.

Kwa hiyo vijiji vingi vilijifunza somo moja: ukiona karani na kitabu, ficha watu. Familia ndogo kwenye karatasi ndiyo ilikuwa na amani. Wengine waliingia porini mpaka karani apite.

Uhuru ulipofika, karatasi hazikuongezeka sana. Hesabu ya mwisho ya raia wote wa nchi ilifanyika mwaka 1984. Sheria ya familia ya mwaka 1987 iliwapa wazazi siku 30 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Mwaka 2016 siku hizo zikafanywa 90. Hata hivyo, ofisi iko mbali, na watoto wengi wanakua bila cheti. Kwa watu wazima, kadi ya uchaguzi iliyoanza kutolewa mwaka 2005 ndiyo imekuwa kitambulisho cha kila siku. Ilitengenezwa kwa ajili ya kura, lakini inaonyeshwa kwenye vizuizi vya barabarani, benki na hata mbele ya meza ya msaada. Shida ni kwamba mtoto hapigi kura. Katika nyumba ya watu wanane, pengine wawili tu ndio wenye kadi, na vinywa sita vilivyobaki havina karatasi yoyote.

Vita vilivyowaka tena Desemba 2017 viliharibu hata kile kidogo kilichokuwepo. Mwezi wa Juni 2019, HCR ilitangaza kwamba zaidi ya watu 300 000 walikuwa wamekimbia Ituri. Mtu anayetoroka usiku anabeba mtoto, habebi bahasha. Vyeti na kadi viliungua pamoja na nyumba.

Sasa, chakula kinahesabiwaje? Hatua ya kwanza ni idadi ya vinywa. Kipimo cha kimataifa ni kilokalori 2 100 kwa mtu mmoja kwa siku. Familia ya wanane iliyoandikwa watano itapewa posho ya watano. Hatua ya pili inakuja wakati akiba haitoshi watu wote: hapo mashirika yanatafuta wenye shida zaidi.

Jamaa zetu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi wanajua hesabu ya aina nyingine. Kule, msaada wa chakula wa serikali unapimwa kwa mapato ya nyumba. Familia inaonyesha karatasi ya mshahara, mkataba wa kodi ya nyumba na bili ya umeme. Gharama hizo zikizidi kiasi, sehemu yake inatolewa kwenye mapato kabla ya kukata hesabu. Asiyeleta bili anaweza kukosa punguzo hilo.

Fataki hakuna bili. Mama anayenunua makala na kulima shamba la mwenziwe kwa malipo ya siku hana risiti hata moja. Kwa hiyo PAM hutumia maswali. Kwa siku saba zilizopita, nyumba ilikula maharagi siku ngapi? Nyama, samaki au maziwa siku ngapi? Je, wakubwa walipunguza sahani yao ili watoto wale? Je, familia ilikopa chakula kwa jirani? Majibu hupewa alama, na alama ndizo zinachukua nafasi ya karatasi ya mshahara.

Hapo ndipo hofu ya zamani inapodhuru. Anayeficha watu kama enzi za kodi anajinyima. Anayeongeza majina yasiyokuwepo hukutwa wakati wa uhakiki wa alama za vidole, na jirani mkweli anaanza kutiliwa mashaka pamoja naye.

Kuandikwa si hisani. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wahami wa ndani, kanuni ya 20, zinataka serikali irudishe vitambulisho vilivyopotea bila masharti magumu, na zinampa mwanamke haki ya kupata karatasi kwa jina lake mwenyewe. Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, kifungu cha 13, unarudia hayo na kuwataja pia watoto waliotengana na wazazi. Mjane, au mke wa pili anayepika kwenye jiko lake, asikubali kuandikwa chini ya jina la mwingine bila kuuliza.

Karani akipita, nyumba itaje kila mtu anayelala humo: mtoto mchanga, bibi mgonjwa na yatima aliyepokelewa. Aliyeondoka atajwe kuwa ameondoka. Namba ya jetoni inakiliwe mahali pa pili, maana karatasi moja inaungua haraka.